Mkoba Uliosoma Habari

Mke wangu aliacha kucheka siku ya Jumanne. Nilijua mara moja, kwa sababu vikombe vilitulia kabatini.

Kwa asiyemjua, nieleze. Kicheko cha mke wangu hakianzii mdomoni. Kinaanzia magotini, kinapanda taratibu kama maji yanayorudi kwenye bomba lililokauka, na kikifika juu kila kitu chenye mkono au mfuniko ndani ya nyumba kinakiitikia. Siku ya harusi yetu nilimnong'oneza jambo ambalo sitalirudia hapa, akacheka, mpiga picha akaangusha kamera. Mpaka leo harusi yetu ina picha moja tu, na ni ya viatu vya wageni.

Jumanne hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba nchi mbili zinazopakana na yetu zimetunishiana misuli mpaka zimesogeza vifaru. Mke wangu alikuwa anakoroga chai. Kijiko kikasimama katikati ya kikombe.

Tangu hapo hakuipumzisha redio, maskini. Anafungua kituo, anasikia kichwa cha habari, kikitajwa kifaru tu anaruka kituo kingine kuona kama nacho kina kifaru. Vyote vilikuwa navyo. Ukivijumlisha vya vituo vyote, ilibidi vifaru vilale vimepandana, maana mpaka wenyewe si mrefu kiasi hicho. Usiku analala na viatu miguuni. Mimi nimelala na mwanamke huyu miaka na miaka, nimezoea kiwiko chake na nimezoea kukoroma kwake, lakini kukanyagwa na mtu aliyelala ni jambo geni.

"Mama watoto," nikamwambia, "hata vita vikija, vitakupa nafasi ya kufunga kamba za viatu."

"Wewe fanya utani tu. Hukukaa kile kiti nilichokaa mimi."

Na ni kweli. Kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu, wa enzi zile za kuchomeka waya kwenye ubao wenye matundu. Ukitaka kuongea na mji wa mbali unampata yeye kwanza: "Subiri kwenye laini, nakuunganisha." Na ujana wake ulipitiwa na vita, vya kweli, si vya redioni. Watu walikuwa wakimwomba awaunganishe na mama zao, na kaka zao, naye anachomeka waya, na upande wa pili simu inalia, inalia, haipokelewi. Kisha yeye ndiye wa kuwaambia, "Samahani, hakuna anayejibu." Aliwahi kunisimulia mara moja tu, tukiwa tunakunja mashuka, na shuka lile tulilikunja mara mbili.

Kwa hiyo mdogo wake alipopiga simu kutoka kwake, mbali kabisa na mpaka, sikushangaa. Shemeji yangu huyo haongei na simu, anapigana nayo. Nilimsikia nikiwa jikoni.

"Dada, njoo huku! Muache huyo mzee na cherehani lake!"

"Shemeji, nakusikia!" nikapaza sauti.

"Ndiyo nataka usikie!"

Jumatano mke wangu alirudi na tiketi ya basi la Jumamosi. Moja. Kwa mdogo wake kuna kitanda kimoja cha wageni, tena kifupi, na kati yangu na shemeji hapajawahi kupita siku mbili bila mmoja wetu kutishia kuhama. Aliniwekea tiketi mezani, akakaa, akaitazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeinunua.

"Sitaki kwenda," alisema. "Ila siwezi kukaa tu nasubiri. Nikisikia mlango umegongwa, moyo unataka kutokea dirishani."

Nyumba hii bila yule mwanamke ni kabati la vikombe vilivyonyamaza. Nikapiga moyo konde.

"Nikiiandaa nyumba iwe tayari kwa lolote, utabaki?"

Akafikiri. "Nitaipima. Kesho jioni. Ikiniridhisha, nabaki. Isiponiridhisha, Jumamosi nimo ndani ya basi."

"Nani atasahihisha?"

"Mimi."

"Na nikitaka kukata rufaa?"

"Unakuja kwangu."

Tukagawana kazi. Yeye alichukua vitu vyenye akili. Alijaza madumu maji yaliyochemshwa, akayapanga chini ya kitanda. Akanunua maharage, mchele, chumvi, sabuni, mishumaa, na mtungi wa pili wa gesi. Dawa zetu za presha akaziongeza za akiba. Vitambulisho akavitoa nakala akavifunga kwenye nailoni. Akanionyesha hata pa kukutania tukipotezana: chini ya ngazi, mlangoni kwa kinyozi. Nilimwambia tukipotezana ndani ya vyumba viwili hatustahili kukutana tena, hakucheka.

Mimi nilichukua mkoba. Kila nyumba iliyo tayari huwa na mkoba mmoja wa kunyakua na kukimbia nao, na mkoba huo nani angeushona kama si mimi? Nimekuwa fundi cherehani maisha yangu yote. Najisifu? Kidogo. Niliwahi kumshonea mjenzi mmoja suruali, kreni ikamnasa mkanda wa nyuma ikampandisha mpaka juu ya jengo. Suruali haikuachia hata uzi. Wenzake walimtumia chakula cha mchana kwa kamba, akala, akalala usingizi kidogo, wakamshusha saa ya kutoka kazini. Jengo lile bado lipo. Suruali nayo ipo, anaivaa mwanawe.

Basi nikachukua turubai la kijani lililokuwa mwavuli wa duka, nikalikata, nikashona mkoba mkubwa kama mtoto wa tembo. Kila kitu nikakipa mfuko wake. Kiberiti, mfuko mkavu. Filimbi, mfuko wa haraka. Tochi nikaitia mfuko ndani ya mfuko isije ikavunjika kioo. Redio nikaishonea mfuko wenye pamba pande zote, kama mtoto njiti. Nikaona hakuna sababu ya kuacha turubai bure, nikaongeza mifuko ya vitu ambavyo hatuna, endapo tutavipata.

Na hapa ndipo ufundi uliponiponza. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa na rula ya mti, na kila mfuko wa mwanafunzi ulioonekana kwa nje ulikuwa na adhabu yake vidoleni. Mpaka nikahitimu, mikono yangu haikuweza tena kushona mfuko unaoonekana. Nilimshonea mtu wa mazingaombwe koti, njiwa wake akatagia humo, akaatamia, akaangua. Mwenyewe alijua siku koti lilipoanza kuota mabawa. Kwa hiyo mifuko yote ya mkoba niliipa mshono ule ule wa kujificha, kitambaa kile kile, zipu zimezama ndani ya mikunjo. Ulikuwa mzuri huo! Ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Ukiutazama ungesema hauna mfuko hata mmoja.

Mke wangu aliushika, akaugeuza. "Vitu viko wapi?"

"Vimo."

"Wapi?"

"Humo."

Akanipa tiketi yake. "Na hii iweke humo, isipotee." Nikaiweka mfuko mzuri kuliko yote, wenye bitana ya hariri. Ndiyo, nilimshonea mke wangu mfuko wa hariri wa kumbebea safari ya kuniacha. Ufundi hauna akili.

Alhamisi jioni, jua likiwa linaelekea kuzama, akaketi kwenye kiti cha mezani, mgongo wima. Akaniambia nizime swichi kubwa ya umeme. Nikazima. Tukafunga mapazia. Chumba kikawa na giza la kutosha kujigonga kidole cha mguu, jambo ambalo nililifanya papo hapo.

"Sasa," akasema. "Tochi."

Nikaingiza mkono kwa madaha. Nikatoa sabuni.

"Nimesema tochi."

Nikatoa kibandiko cha vidonda. Nikatoa biskuti. Nikatoa mfuko mtupu, nikaurudisha kwa heshima.

"Dawa yangu ya presha basi."

Nikatoa filimbi.

"Nipulize, presha ishuke?"

"Mama, nipe muda kidogo, vitu vimekaa kwa mpangilio."

"Mpangilio wa nani?"

Nilikuwa nimeingiza mikono yote miwili na kichwa nusu, natafuta, naye ameanza kusema, "Mzee, mimi nadhani Jumamosi…" ndipo uliposikika mlio.

Haukuwa mlio wa kitu kuanguka. Ulikuwa mlio wa kitu kupasuka. Madirisha yalitikisika, mbwa wa mtaa wakabweka kwa pamoja. Nilitoa kichwa mkobani. Mke wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa inatetemeka mpaka meza inatetemeka nayo.

"Wamefika," alisema.

Sikumfanyia utani. Nilikwenda nikaweka mikono yangu juu ya yake, tukatetemeka wote wawili. Niseme ukweli, hata mimi kwa dakika hiyo niliviona vifaru vikikata kona ya duka la mikate.

Nyayo zikapanda ngazi mbio. Mlango ukagongwa.

"Nani?" nikauliza kwa sauti niliyoiazima kwa mtu jasiri.

"Kinyozi wa hapa chini, mzee! Nyie mna umeme? Mashine imenifia kichwani kwa mtu!"

Nikafungua. Kinyozi alikuwa amesimama na mashine yake mkononi, na nyuma yake kijana wa watu aliyejifunika taulo. Taulo likateleza. Nusu ya kichwa ilikuwa inang'aa kama sahani, nusu nyingine kichaka.

"Kesho naenda kuonana na wakwe," kijana akasema, karibu alie.

"Ule mlio ulikuwa nini?" mke wangu akauliza kutoka gizani.

"Transfoma ya pale kona, mama. Imepasuka! Imerusha cheche hizo, mtaa mzima umezimika."

"Transfoma," mke wangu akarudia, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Akaachia meza.

Hapo hapo kilio kikashuka kutoka ghorofa ya juu yetu. Anakaa Mama Pacha huko, na pacha wake wana mapafu ya kuazimisha. Wakilia, hujui nani anamwitikia nani. Mama mwenyewe alikuwa ameinama kwenye reli ya ngazi: "Jamani! Kuna giza, na maji hayapandi, pampu imezima! Nina maziwa ya unga sina cha kukorogea!"

Mke wangu akasimama. Akatoka mpaka ngazini, akaweka mkono kwenye reli, na ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipostaafu, ile iliyotulia, iliyonyooka, isiyo na haraka.

"Ghorofa ya juu, nakusikia. Usishuke na watoto gizani. Unataka maji na mwanga, sivyo?"

"Ndiyo, mama!"

"Subiri kwenye laini, nakuunganisha. Kinyozi!"

"Naam!"

"Chini ya kitanda changu kuna madumu. Beba moja, mpelekee. Wewe mwenye nusu kichwa, jikoni, kabati la kulia, mshumaa na kiberiti. Washa, mtangulie asije akaanguka. Ghorofa ya juu, wanakuja wawili, mmoja ana sura ya kutisha lakini ni mtu mwema."

"Mama!" kijana akalalamika.

"Laini ina watu, mwanangu, usiongee juu yao."

Muda si muda Mama Pacha na wanawe wakawa kwetu, maana sisi tulikuwa na mishumaa mingi na jiko la gesi lililokwisha kuwashwa. Chupa za maziwa zikapoa kwenye beseni. Milango mingine ya ngazini ilifunguka, na kila aliyetokeza kichwa aliunganishwa: mwenye mshumaa na asiye na mshumaa, mwenye simu yenye chaji na aliyetaka kumjulisha mumewe kazini. Hakuna aliyeachwa kwenye laini. Nilimtazama mke wangu mikono. Ilikuwa inaashiria, inagawa, inapangusa pua ya pacha. Haikuwa inatetemeka.

Kilichobaki ni kichwa cha yule kijana. Kinyozi hakuwa na mkasi, siku hizi wote ni mashine. Nikamletea wangu wa kukatia nguo.

"Mzee, huo si wa mapazia?" kijana akaruka.

"Umeshakata mapazia ya watu wakubwa. Tulia."

Kinyozi alimkata kwa mwanga wa mishumaa, ulimi nje, nami nikisimama na futi ya fundi kuhakikisha pande zote ziko sawa.

"Na wewe," mke wangu akanigeukia, "mimi bado nasubiri tochi."

Hadhara nzima ikanitazama. Nikaubeba mkoba, nikaupindua, nikautikisa kwa hasira zangu zote. Tochi haikutoka. Ila ndani kabisa kitu kikafanya *klik*, na mkoba ukaanza kuongea.

"…vikosi vya pande zote mbili," ukasema, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa godoro, "vimeendelea kujipanga karibu na mpaka…"

Pacha wakanyamaza wote wawili kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Mke wangu akabadilika rangi. "Izime! Badilisha!"

Nikatia mkono. Kinyozi akatia mkono. Mama Pacha akatia mkono, tukashikana humo ndani, nikavutwa kidole na mtu nisiyemjua. Redio haionekani. Nimeishonea mfuko mwenyewe! Tukibonyeza huku, inasemea kule. Kijana akasema anaihisi, kumbe ni sabuni ya pili. Na mkoba haujali, unasoma tu: wajumbe wa pande mbili wamekutana asubuhi, watakutana tena kesho. Barabara fulani imefungwa kwa matengenezo. Timu ya taifa imetoka sare, kocha analaumu nyasi. Kesho jua, mvua kiasi milimani. Hatimaye tukachoka, tukaketi kuuzunguka, tukausikiliza kama watoto wanaosubiri hadithi.

"Na sasa," mkoba ukasema, "ushauri kwa wafugaji. Msikilizaji wetu anauliza, bata wake wana wasiwasi, wanapiga kelele hovyo, afanyeje. Mtaalamu anajibu: bata akiwa na maji safi ya kutosha na mahali pakavu pa kulala, na awe pamoja na wenzake, wasiwasi humwisha."

Mke wangu aliyatazama madumu. Akamtazama kinyozi, na Mama Pacha, na kichwa cha kijana ambacho upande mmoja kilikuwa bado na ngazi tatu. Akanitazama mimi, mkono ukiwa umenasa kwenye zipu.

"Siku zote hizi," akasema polepole, "nasikiliza habari. Sijawahi kufika kwenye bata."

Nikayaona magoti yake yakianza. Kikapanda. Kilipofika juu, mshumaa mmoja ulizimika, vikombe vyote kabatini vikaitikia, na kijana akaokoka sikio kwa bahati tu, maana kinyozi naye alikuwa amekunjwa na kicheko akiwa na mkasi wazi mkononi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kila akijaribu kusimama mkoba unamwongezea: "Bata asilazwe kwenye unyevu." Mara ya mwisho nilipoona watu wanacheka hivyo palihitajika daktari.

Walipoondoka wote, nikamuuliza matokeo.

"Wewe umeshindwa," akasema akifuta macho. "Tochi haijaonekana mpaka sasa."

"Na nyumba?"

"Nyumba nitakujibu Jumamosi."

Usiku ule sikukanyagwa.

Ijumaa umeme ulirudi. Redio aliiacha huko huko iliko. Akitaka habari anaanza kupekua, na kwa muda unaochukua kuipata, wanakuwa wamefika kwenye bata au karibu yake. Mchana aliwaita majirani kwenye ngazi, akawagawia kazi: nani ana gesi, nani ana filimbi, nani atawashika mkono wazee, akimaanisha mimi. Vifaru bado vilikuwa mpakani, na alilisema hilo waziwazi mbele yao. Kisha akauliza nani atabadilisha maji ya madumu wiki ijayo. Wiki ijayo! Nilitega sikio kama mwizi, lakini hakusema yeye atakuwa wapi.

Jumamosi asubuhi niliamka nikamkuta amevaa vizuri, viatu miguuni, anakoroga chai. Moyo ukanishuka mpaka kwenye ndara. Simu ikaita, naye shemeji hakuhitaji kuwekwa karibu na sikio.

"Dada! Umeshapanda basi?"

"Tiketi imo mkobani."

"Si uitoe!"

"Mkoba ameushona shemeji yako."

"Basi mwambie yeye aitoe!"

Mke wangu akanigeukia na kijiko mkononi, nyusi juu. Nami nilijua ilipo. Ule mfuko wa hariri ningeupata nikiwa nimefumba macho. Lakini hofu ilikuwa yake, na kwenda au kubaki kulikuwa kwake pia, nisingeweza kumfichia. Nikasimama shingo upande, nikachukua mkasi wangu mezani, nikauvuta mkoba, nikashika mshono wa kulia.

"Naufumua," nikasema. "Dakika moja tu."

Akaweka kijiko chini. Akaja, akaufungua mkono wangu kidole kimoja kimoja, akautoa mkasi, akaupapasia mfuko ndani ya mkoba, wowote tu, akautumbukiza humo na kuvuta zipu mpaka mwisho.

"Shemeji yako hapati mkasi," akamwambia mdogo wake, na vikombe vikaanza.